Hifadhi ya Bakapu Inapojaa: Jinsi ya Kuongeza Nafasi Bila Kupoteza Ulichonacho

Hifadhi ya bakapu ikifika asilimia 85, wengi hukimbilia kufuta bakapu za zamani au kuagiza diski. Kwenye mfumo unaoondoa marudio ya data, njia zote mbili huleta matokeo tofauti na yale uliyozoea kwenye hifadhi ya kawaida. Unaweza kufuta bakapu inayoonekana kuwa ya GB 500 na usipate hata GB 5. Unaweza pia kuongeza diski mpya mahali pasipofaa, ukajikuta unazijaza kwa data ambayo tayari unayo kwenye zile za zamani.

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa mifumo mwenye seva moja au mbili za bakapu, asiye na timu nyuma yake. Nitaitumia Proxmox Backup Server juu ya ZFS kama mfano, kwa sababu ni programu huria ambayo ofisi yoyote inaweza kuisakinisha bila kununua leseni, na kwa sababu kila inachokifanya unaweza kukifuatilia kwenye kumbukumbu zake. Ukiwa na mfumo mwingine, amri zitakuwa tofauti lakini utaratibu wa kufikiri ni uleule.

Kinachokaa kwenye diski

Bakapu ya diski ya mashine pepe hukatwa vipande vya MiB 4 kila kimoja. Bakapu ya mafaili hukatwa kwa ukubwa unaobadilika kufuatana na maudhui yenyewe, ili mstari mmoja ukiongezwa mwanzoni mwa faili usivuruge vipande vyote vinavyofuata. Kila kipande hukokotolewa kwa SHA-256, na jibu la hesabu hiyo ndilo linalokuwa jina lake. Kama kipande chenye jina hilo kipo tayari, hakiandikwi tena. Vyote hukaa ndani ya saraka iliyofichwa iitwayo .chunks, iliyogawanywa katika saraka ndogo 65,536. Ile bakapu unayoiona kwenye orodha ya skrini ni faharasa tu: majina ya vipande kwa mpangilio unaotakiwa kuvirudishia.

Wazo hili lina umri wake. Mwaka 2002 Sean Quinlan na Sean Dorward wa Bell Labs walieleza mfumo waliouita Venti, ambao uliihifadhi data kwa kuiita kila bloku kwa jina lililokokotolewa kutoka maudhui yake. Venti haukuwa na kazi ya kufuta, kilichoandikwa kilibaki. Sisi tunataka kufuta, na ugumu wote unaanzia hapo. Kipande kimoja kinaweza kutumiwa na bakapu mia mbili za mashine thelathini, na mfumo hauwezi kukiondoa mpaka uwe na hakika kwamba hakuna faharasa hata moja inayokitaja.

Ndiyo maana kufuta kuna hatua mbili. Ya kwanza ni upogoaji: kanuni ulizoweka, kwa mfano bakapu 7 za kila siku, 4 za kila wiki na 6 za kila mwezi, huondoa faharasa zilizozidi. Hapo hujapata nafasi yoyote. Matawi yamekatwa lakini yamelala chini ya mti yakisubiri wa kuyazoa. Hatua ya pili ni usafishaji. Mfumo hupitia faharasa zote zilizobaki na kubadilisha muda wa kuguswa wa kila kipande kinachotajwa, kisha hupitia vipande vyote na kuondoa vile ambavyo havijaguswa kwa saa 24 na dakika 5. Muda huo wa ziada upo kwa makusudi, kwa sababu mifumo ya mafaili kwa kawaida husasisha muda wa kuguswa mara moja tu kwa saa 24.

Kwa hiyo ukipogoa leo asubuhi na kuendesha usafishaji mchana, usishangae ukiona karibu hakuna kilichorudi. Soma matokeo ya amri hii:

proxmox-backup-manager garbage-collection status JINA-LA-HIFADHI

Humo kuna kiasi cha vipande vinavyosubiri kuondolewa. Kama usafishaji wa jana usiku ulivigusa, vitaondoka katika mzunguko wa kesho. Nimewahi kuona diski zikiagizwa kwa haraka wiki ambayo hifadhi ilikuwa na nafasi tele iliyosubiri tu saa ishirini na nne zipite. Ngoja mizunguko miwili ikamilike ndipo uamue.

Tafuta nafasi iliyojificha

Anza na mashine zilizokufa. Kanuni za upogoaji huhesabu bakapu zilizopo ndani ya kila kundi, yaani bakapu za mashine moja. Mashine iliyozimwa na kufutwa miaka miwili iliyopita haitoi bakapu mpya, hivyo zile za mwisho hazizidi idadi iliyoruhusiwa na hubaki zilivyo. Hakuna kanuni itakayozigusa. Pitia orodha ya makundi, angalia tarehe ya bakapu ya mwisho ya kila moja, na kila lenye tarehe ya zamani muulize mwenye mfumo huo kama bado anaihitaji. Jibu lipate kwa maandishi. Angalia pia bakapu zilizowekewa alama ya ulinzi, kwa sababu upogoaji huziruka. Mara nyingi mtu aliweka alama hiyo kabla ya kusasisha programu ya uhasibu na hakurudi kuiondoa.

Kisha angalia ZFS yenyewe. Kama kuna snapshoti za ZFS zinazopigwa kila siku juu ya hifadhi ya bakapu, basi kila kipande kinachoondolewa na usafishaji kinaendelea kushikiliwa na snapshoti. Programu ya bakapu itakuambia imeondoa TB 2, na nafasi itabaki palepale. Amri ya zfs list -o space itakuonyesha ni kiasi gani kimeshikiliwa hivyo.

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni data inayokataa kuondolewa marudio. Mfano ninaoukuta mara kwa mara ni hifadhidata inayomwagwa kila usiku na kubanwa kwa gzip kabla ya bakapu kuanza. Badiliko dogo mwanzoni mwa faili hubadilisha karibu kila baiti inayofuata baada ya kubanwa, hivyo faili la leo halifanani na la jana hata kama rekodi zilizobadilika ni mia moja tu. Kila usiku unahifadhi hifadhidata nzima upya. Acha kubana. Programu ya bakapu itavibana vipande yenyewe kwa zstd baada ya kuvikata, na huo ndio mpangilio sahihi: kata kwanza, bana baadaye. Kama ni lazima faili libanwe, tumia gzip --rsyncable, ambayo huanza upya kila baada ya muda ili badiliko lisiendelee hadi mwisho wa faili. Video za kamera za ulinzi na picha hazitapungua kwa njia yoyote. Data hiyo ni mpya kila siku, na mahali pake pengine si hapa.

Ufunguo wa usimbaji nao huhesabika. Mashine mbili zenye mfumo endeshi uleule, kila moja ikisimba bakapu zake kwa ufunguo wake, hazitashirikiana kipande hata kimoja. Wakati mwingine sheria au mkataba unakulazimisha kutenganisha funguo, na hapo hakuna la kufanya. Lakini kama mashine zote ni za idara moja na zinasimamiwa na mtu mmoja, ufunguo mmoja unaotunzwa vizuri unatosha.

Pima ukuaji kabla ya kununua

Skrini itakuonyesha kipimo cha uondoaji wa marudio: labda 12, labda 30. Usikitegemee katika kupanga ununuzi. Kipimo hicho hupanda kwa sababu tu unatunza nakala nyingi zaidi za kitu kilekile; ukiongeza muda wa kutunza bakapu kutoka wiki moja hadi miezi mitatu kitapanda, na hifadhi yako itakuwa imejaa zaidi. Namba inayokuambia ukweli ni matumizi halisi ya diski mara baada ya usafishaji kukamilika. Iandike kila wiki.

Tuseme hifadhi ina TiB 20. Leo baada ya usafishaji imetumika TiB 15, na siku thelathini zilizopita ilikuwa TiB 14.4. Unakua kwa TiB 0.6 kwa mwezi. Ukijiwekea kikomo cha asilimia 80, ambacho ni TiB 16, umebakiwa na takriban wiki saba. Sasa jumlisha siku za kupata idhini ya manunuzi, za mzabuni kuleta diski, za kuzijaribu na za kuziunganisha. Ofisi nyingi zitagundua kwamba wiki saba ni chache, na kwamba oda ilipaswa kutoka mwezi uliopita.

Kumbuka pia kwamba mtengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu, wakati mfumo huhesabu kwa 1,024. Diski ya TB 16 utaiona kama TiB 14.55 hivi. Diski sita za namna hiyo katika RAIDZ2, ambapo mbili ni za kulinda nyingine, hukupa chini kidogo ya TiB 58, na kikomo cha asilimia 80 juu yake ni kama TiB 46. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti, si TB 96.

Usigawanye hifadhi

Kuna uamuzi mmoja unaoonekana rahisi na ambao utakugharimu kuliko mengine: kuziunda diski mpya kama hifadhi ya pili, kisha kuhamishia nusu ya mashine huko. Uondoaji wa marudio hufanyika ndani ya hifadhi moja. Hifadhi mbili, hata zikiwa kwenye seva moja, hazijuani. Mashine zilizohamishwa zitaandika vipande vyao vyote upya, na vile vya zamani vitaendelea kukalia hifadhi ya kwanza hadi muda wao wa kutunzwa uishe. Kwa miezi kadhaa utakuwa unalipia data moja mara mbili.

Kama shida yako ni kutenganisha idara au wateja, tumia nemspesi, yaani vitengo vya ndani ya hifadhi moja, ambavyo Proxmox Backup Server inavyo tangu toleo la 2.2. Kila kitengo kinaweza kuwa na ruhusa na kanuni zake za upogoaji, huku vipande vikiendelea kutumiwa na wote. Lengo liwe kuipanua hifadhi iliyopo.

Njia za kuipanua

Njia ya kwanza ni kuongeza kundi jipya la diski, ambalo ZFS huliita vdev, lenye muundo uleule wa lililopo. Kama zpool yako ina RAIDZ2 ya diski sita, ongeza RAIDZ2 nyingine. Kabla ya kuiandika amri kwa kweli, iendeshe kwa majaribio:

zpool add -n JINA raidz2 diski1 diski2 diski3 diski4 diski5 diski6

Herufi -n inaonyesha zpool itakavyokuwa bila kubadilisha kitu. Soma mchoro huo kwa utulivu. Tumia majina ya /dev/disk/by-id, ambayo yana namba ya diski yenyewe, usitumie sda na sdb zinazoweza kubadilishana seva ikiwashwa upya.

Hapa nakuomba usimame. Ukisahau neno raidz2 na kutaja diski moja tu, ZFS itakuonya kwamba kiwango cha ulinzi hakilingani na itakataa. Usilazimishe kwa -f. Diski hiyo moja ikiingia, inakuwa sehemu ya zpool nzima. Ikifa, hifadhi yote inakufa nayo. Na kwenye zpool yenye RAIDZ huwezi kuitoa tena. Kama jambo hilo limeshatokea mahali ulipoajiriwa, tiba ya haraka ni kuiunganishia diski nyingine kama pacha kwa zpool attach, ili angalau isibaki peke yake, huku ukipanga kuijenga hifadhi upya.

Njia ya pili inafaa pale ambapo kasha la seva halina nafasi ya diski zaidi: badilisha diski ndogo kwa kubwa, moja baada ya nyingine. Washa autoexpand, toa amri ya zpool replace kwa diski ya kwanza, subiri ijengwe hadi mwisho, hakikisha zpool status haionyeshi kosa, ndipo uende kwenye ya pili. Nafasi mpya haitaonekana mpaka diski ya mwisho ya kundi ibadilishwe. Ni kazi ya siku kadhaa, na kwa diski kubwa zilizojaa inaweza kuwa wiki. Umeme ukikatika katikati, ZFS itaendelea na ujenzi seva ikirudi, lakini hiyo si sababu ya kuanza kazi hii bila UPS inayoaminika.

Diski unazonunua kwa njia hii zichunguze kwa makini. Epuka zinazotumia SMR, teknolojia inayopandanisha njia za kuandikia ili kupata ujazo mkubwa kwa bei nafuu. Zinaposomwa hazina shida, ila zikiandikwa mfululizo wakati wa kujengwa upya, kasi huporomoka na zinaweza hata kutolewa kwenye kundi kwa kuchelewa kujibu. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za kuhifadhia, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuelezwa. Dai ukurasa wa sifa za diski kutoka kwa mzabuni kabla ya kusaini.

Njia ya tatu ni mpya zaidi. OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, inaruhusu kuongeza diski moja moja ndani ya RAIDZ iliyopo kwa amri ya zpool attach. Kwa ofisi ndogo hili ni jambo kubwa, maana diski moja kwa robo mwaka inapita kwenye bajeti ambayo diski sita kwa mkupuo zisingepita. Ila fahamu kwamba data ya zamani hubaki na uwiano wa zamani wa ulinzi hadi itakapoandikwa upya, hivyo nafasi utakayoiona mwanzoni ni ndogo kuliko hesabu ya karatasi.

Kama hakuna njia kati ya hizo, jenga seva mpya na uhamishe kwa kazi ya usawazishaji iliyomo ndani ya programu yenyewe. Seva mpya huvuta bakapu kutoka ya zamani, na kipande ambacho tayari inacho haikivuti mara ya pili. Inawezekana kunakili saraka kwa rsync, lakini TiB 10 za vipande vya wastani wa MiB 2 ni zaidi ya mafaili milioni tano, na anayenakili kwa alama ya nyota huisahau saraka ya .chunks kwa sababu imefichwa. Atabaki na faharasa safi zisizo na data nyuma yake.

Ukipata bajeti kidogo ya ziada, itumie kwenye SSD mbili kama kundi maalumu la metadata. Usafishaji hugusa mamilioni ya mafaili, na kwenye diski zinazozunguka hiyo ndiyo kazi inayochukua saa nyingi. Ziwe mbili kama pacha, kwa sababu zikipotea zpool yote imepotea. Na zitabeba metadata ya data mpya tu, si ya zamani. Usiwashe uondoaji wa marudio wa ZFS juu ya haya yote. Vipande tayari havirudiwi, na utakula RAM bure.

Ikishajaa kabisa

ZFS haiandiki juu ya data iliyopo. Hata kufuta kunahitaji nafasi kidogo ya kuandika mahali pengine. Usafishaji nao huanza kwa kubadilisha muda wa kuguswa wa vipande, ambako pia ni kuandika. Hifadhi ikifika asilimia 100, dawa inakataa kumezeka. Jikinge mapema kwa kuunda dataseti tupu yenye akiba:

zfs create -o reservation=200G JINA/akiba

Siku hifadhi ikijaa, weka reservation=none, simamisha kazi zote za bakapu, pogoa, endesha usafishaji, subiri, kisha irudishe akiba. Kama hukuiweka, tafuta snapshoti za kufuta au data nyingine isiyo ya bakapu iliyopo kwenye zpool hiyo. Lolote utakalofanya, usiingie ndani ya .chunks kufuta mafaili kwa mkono. Huwezi kujua kwa kuangalia kipande kinatumiwa na nani, na kimoja tu kinaweza kuziharibu bakapu za mwaka mzima za mashine zote zilizokishiriki.

Baada ya nafasi kupatikana

Angalia zpool list -v. Utaona kundi la zamani limejaa na jipya likiwa karibu tupu. Ni kawaida, ZFS haihamishi data ya zamani yenyewe, ila huandika zaidi kwenye kundi lenye nafasi, na tofauti itapungua kadiri bakapu za zamani zinavyoondoka. Endesha usafishaji mmoja kamili. Kama umehamia mfumo mwingine wa mafaili, hasa hifadhi ya mtandao, soma kumbukumbu zake: tangu toleo la 3.4 programu hukagua mwanzoni kama muda wa kuguswa unabadilika kweli, na ikishindwa hapo, usiuzime ukaguzi huo. Hifadhi isiyoheshimu muda huo inaweza kufutiwa vipande vinavyohitajika.

Endesha uhakiki wa bakapu zote, hata zile zilizohakikiwa wiki iliyopita, kwa kuwa sasa zinasomwa kupitia diski na nyaya ambazo hazikuwepo. Kisha chagua mashine moja muhimu, ile ambayo ikilala simu zinaanza kulia, uirudishe kwenye namba mpya ya mashine huku kadi yake ya mtandao ikiwa imezimwa, uiwashe, na umwite mtumiaji wake afungue rekodi za jana aone kama zimekamilika. Akithibitisha, weka arifa ya barua pepe kwenye asilimia 70, na andika ukurasani kasi ya ukuaji ya mwezi huu ili oda ijayo ianzie hapo.